Kijana Hayupo Nyumbani

Mwaka wa nane huu nafanya kazi ya udadisi. Si ule wa magazeti. Ni wa madodoso. Nimebisha hodi Mbagala, Tandika, Manzese na Gongo la Mboto, jijini Dar es Salaam, kishikwambi mkononi, mjumbe wa mtaa ametangulia, nikiwauliza watu nisiowajua wana miaka mingapi na jana walikula nini. Kwa hiyo nikisikia redioni kwamba "utafiti umebaini vijana wa siku hizi" wako hivi au vile, swali langu la kwanza huwa dogo tu: mliwakuta saa ngapi?

Utaratibu wenyewe ni huu. Ofisi hunipa orodha ya kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Nikifika naandika wote wanaoishi humo, kisha kishikwambi kinamchagua mmoja wa kuhojiwa. Kikimchagua mama mwenye nyumba, nimepona: mkeka unatandikwa, mahojiano yanaanza. Kikimchagua kijana wa miaka 22, jibu nalijua kabla halijatoka. "Hayupo." Ameondoka alfajiri kwenda Kariakoo. Au ameingia zamu ya usiku, sasa amelala na hataki kuamshwa. Au "yule siku hizi anajitegemea", maana yake ana geto mtaa wa nyuma na wenzake wawili, chumba ambacho hata mjumbe hajui kama kina watu. Narudi mara ya pili, narudi ya tatu, kisha kanuni inaniruhusu kuhamia kaya ya akiba. Ofisini pengo hilo wanalijua. Hulirekebisha kwa kuyapa uzito zaidi majibu ya vijana wachache tuliowapata, na hesabu inakaa sawa. Ila tuliowapata ni wale waliokuwepo saa nne asubuhi, na kuzidisha majibu yao hakumrudishi nyumbani yule wa Kariakoo.

Halafu kuna neno lenyewe. Kwa takwimu za Umoja wa Mataifa, kijana ni mtu wa miaka 15 hadi 24. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa 2006 unafika hadi 35, na Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya 2007 hapa Tanzania inasema vivyo hivyo. Katiba ya Kenya ya 2010 inaanzia 18 na kuishia kabla ya 35. Mtu wa miaka 30, basi, ni kijana Dodoma na si kijana New York. Hilo linavumilika. Linalonisumbua ni masikio yetu. Niliwahi kumwomba mjumbe anikusanyie vijana sita wa kuzungumza nao kwa pamoja. Akawaleta sita, wote wa kiume. Nikauliza wa kike wako wapi. Akanishangaa. "Si ungesema unataka mabinti?" Nikamwonyesha dada aliyekuwa anakaanga mihogo hatua chache kutoka tulipokaa, ana miaka 19. "Ah, yule ameshakuwa mama wa mtu."

Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulionyesha kwamba takriban asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wameshawahi kupata ujauzito. Ni takwimu muhimu, wala siipingi. Ila angalia binti wa umri huo anavyotokea kwenye habari: anaingia na tumbo. Kaka yake anaingia na panga.

Mwanzoni mwa Januari 2015 Dar es Salaam ilikimbizwa jioni moja na jina tu la genge la vijana: Panya Road. Maduka yalifungwa, abiria wakashuka kwenye daladala na kutimua mbio, wengi wakiwakimbia watu ambao hawakuwaona. Uhalifu ulikuwepo kweli, na mwaka 2022 ulirudi. Lakini mdogo wangu, wakati ule ana miaka 17, alikuwa anatoka mazoezini na wenzake, njumu zimening'inia shingoni, wakakalishwa chini barabarani na watu wazima waliotaka kujua ni akina nani. Kosa lao lilikuwa kutembea wanne.

Turudi kwenye dodoso. Swali "Je, una ajira?" nimeliuliza sijui mara ngapi, na kijana hujibu "Sina" bila kufikiri. Ajira kwake ni barua, mshahara wa mwisho wa mwezi, bosi. Mwulize jana alifanya nini kupata hela: alipakia viazi, mchana akamshikia rafiki yake pikipiki, jioni akauza vocha. Kwa kipimo cha kimataifa, saa moja ya kazi ya kipato katika siku saba inatosha kumhesabu mtu kuwa ana kazi. Kijana huyohuyo, kwa kinywa chake hana ajira, na kwenye jedwali anayo. Mwandishi wa habari anachagua analolitaka.

Kenya nako vijana walipimwa kwa swali moja. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba walio chini ya miaka 35 walikuwa karibu asilimia 40 ya wapigakura walioandikishwa, pungufu kuliko 2017. Ikahitimishwa kwamba vijana siasa haziwahusu. Juni 2024 haohao wakajaa barabarani kupinga Muswada wa Fedha, na tarehe 26, siku moja baada ya waandamanaji kuingia bungeni, Rais akatangaza hatausaini. Kujiandikisha waliulizwa. Kama wana hasira, hawakuulizwa.

Kuna kijiwe cha bodaboda karibu na kwangu. Miaka kadhaa iliyopita mpigapicha mmoja alipita akawapiga wakiwa wameketi juu ya pikipiki, na picha ikatoka gazetini juu ya habari ya vijana wanaoshinda vijiweni bila kazi. Kijiwe kile ndiyo ofisi yao. Walikuwa wanasubiri abiria. Mmoja wao bado ana hasira, maana siku ile alikuwa ameshapeleka wanane kabla ya saa tano. Siku hizi akiona mtu ananyanyua kamera, hata kama hana abiria, anapiga kiki na kuondoka.