NAMNA YA KUPIMA MADINI YA RISASI KATIKA DAMU YA BINADAMU

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wanafahamishwa kwamba mtu aweza kuwa na madini ya risasi mwilini bila ya kuhisi maumivu yoyote, na kwamba kipimo cha damu ndicho njia ya kuaminika ya kuyabaini. Madini haya hutoka katika betri kuukuu za magari, rangi za kale za nyumba, baadhi ya aina za wanja, na hata chubwi la uvuvi linapoyayushwa nyumbani. Wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo, kwani risasi huathiri ubongo ungali unakua.

Takriban risasi yote iliyomo katika damu hushikamana na chembe nyekundu. Kwa hivyo maabara hupima damu nzima, wala si majimaji yake pekee. Kinachotafutwa ni kidogo mno. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, liliagiza kwamba mwenye mikrogramu 5 au zaidi kwa kila desilita ya damu atafutiwe chanzo na aepushwe nacho. Na mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Vumbi la kidoleni latosha kuharibu jibu. Ndiyo maana kidole huoshwa kwa sabuni kabla ya kutobolewa, na jibu la juu huthibitishwa kwa damu ya mshipa.

Katika mtambo wa maabara, damu iliyozimuliwa hutiwa ndani ya kibomba cha grafiti na kupashwa moto wa zaidi ya nyuzi 1000 za Selsiasi. Mwanga maalumu hupitishwa humo. Kadiri risasi ilivyo nyingi, ndivyo mwanga unavyomezwa. Mtambo mwengine, wa gharama kubwa, huchambua chembe kwa uzito wake na kupima risasi, zebaki na kadimiamu kwa pamoja.

Kipo pia kifaa kidogo kitoacho jibu kwa dakika 3. Kilitumika Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, ambako mamia ya watoto walifariki kwa vumbi la mawe ya dhahabu yaliyosagwa majumbani. Kifaa hicho husoma hadi mikrogramu 65 tu. Watoto wengi walipindukia.

Izingatiwe kwamba risasi ya damuni hupungua nusu kwa takriban mwezi mmoja, ilhali ya mifupani hudumu miaka mingi. Mzazi aishiye jirani na karakana ya betri asisubiri dalili. Amweleze daktari mapema.