Simu Yako ni Karani Wako

Wakulima wa Mgeta, katika Milima ya Uluguru, huuza kabichi na karoti Morogoro na Dar es Salaam. Mnunuzi huja na hesabu yake. Je, wewe unayo yako?

Simu nyingi ndogo za vitufe zina kikokotoo. Hakihitaji salio wala mtandao. Fungua menyu, kitafute. Tuseme umeuza magunia 6 ya karoti, kila gunia shilingi 45,000. Zidisha. Utapata shilingi 270,000. Toa usafiri, shilingi 36,000. Zimebaki 234,000. Mwenye hesabu hapunjwi.

Kalenda ya simu nayo hukumbusha siku ya kulipwa deni. Andika humo jina la mdaiwa na kiasi. Lakini simu hupotea. Kila jioni, nakili hesabu zako katika daftari.