Nani Ataota Kwanza: Mpangilio wa Kupanda Nyasi kwenye Udongo wa Shaba wa Lubumbashi

Jamii ya mimea ya mbugani, yaani mkusanyiko wa spishi zinazoishi pamoja kwenye eneo moja la nyasi, haiamuliwi na udongo na mvua peke yake, kwa sababu huamuliwa pia na historia yake: ni mmea upi uliochipua kwanza, uliitangulia mingine kwa siku ngapi, na mvua za mwaka huo zilianza vipi. Wanaikolojia huliita jambo hili athari ya kutangulia na huligawa mara mbili, kwani mmea uliotangulia huweza kunyakua mwanga, maji na virutubisho kabla mingine haijasimama, au huweza kuibadilisha ardhi yenyewe, kama inavyofanya mikunde, ambayo kwa msaada wa bakteria wa mizizini huongeza nitrojeni udongoni, hata mimea inayofuata ikakuta mazingira yasiyokuwa yale ya mwanzo.

Ni mahali pachache ambapo jambo hili lina uzito kama pembezoni mwa Lubumbashi, ambako komini ya Annexe imeuzunguka mji. Tangu kiwanda cha kuyeyushia shaba kilipoanza kazi mwaka 1911, moshi wake wenye salfa na vumbi la metali ulisukumwa na pepo za kusini-mashariki, ukaacha upande wa kaskazini-magharibi ukanda mrefu ambao miti ya miombo ilikufa, udongo ukawa na asidi, na shaba ikarundikana kwenye tabaka la juu kabisa, pale pale mbegu inapotakiwa kuotea. Huko Penga Penga, ndani ya ukanda huo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Mylor Shutcha, walijaribu kuufunika udongo ulio wazi kwa nyasi zinazostahimili shaba, na matokeo yao ya kwanza yalichapishwa mwaka 2010. Lengo halikuwa kuing'oa sumu, bali kuituliza ilipo, ili mizizi iushike udongo na majani yauzuie upepo usipeperushe vumbi hadi kwenye nyumba za watu.

Nyasi hizo hazikuhitaji kutafutwa mbali. Eneo la Katanga, ulipo mji huu, lina vilima zaidi ya mia moja vyenye shaba na kobalti ya asili, ambavyo uoto wake ulielezwa kwa kina na Paul Duvigneaud kuanzia miaka ya 1950, na huko huota nyasi fupi za kudumu za jenasi Microchloa, pamoja na Haumaniastrum katangense, mmea wa msimu mmoja ambao hupenda kuvamia udongo wa shaba uliochimbuliwa. Mimea hiyo miwili ina mwenendo tofauti kabisa: wa msimu mmoja huota, huchanua, humwaga mbegu na kufa, ukiiacha ardhi wazi wakati wa kiangazi chenye pepo kali za vumbi, ilhali Microchloa hukua polepole na kujenga shina lenye machipukizi karibu na ardhi, ambalo hubaki hai hadi mvua zirudi. Anayetaka ardhi ifunikwe mwaka mzima hana budi kumpa nafasi ya kwanza yule anayechelewa kukua.

Wakati nao hauna huruma. Mvua za Lubumbashi huanza kunyesha mfululizo mnamo Novemba na huisha kuelekea Aprili, lakini manyunyu ya Oktoba huiamsha mbegu mapema, na jua likirudi kwa juma moja au mawili mche hunyauka. Kwenye udongo wa shaba hatari hii huongezeka, kwa sababu shaba huzuia ncha ya mzizi isirefuke, hivyo mche haufiki chini kuyafuata maji yanayozama. Kwa upande mwingine, mbegu iliyopandwa Januari haipati muda wa kuweka akiba ardhini kabla ya kiangazi kuanza. Kwa hiyo kupandikiza vishina vilivyokwisha kukua, mvua zikiwa zinanyesha mfululizo, ni njia ya kuipa nyasi ya kudumu utangulizi ambao mbegu yake haiwezi kuupata.

Chokaa na mboji, ambazo hupunguza asidi na kuifunga shaba isifyonzwe kwa urahisi, huokoa miche mingi, ila pia huwafungulia mlango wageni wenye kasi ambao sumu ilikuwa ikiwazuia, na hapo mpangilio wa kupanda huwa muhimu zaidi. Mikunde pia hushawishi kwa nitrojeni yake, lakini katika jaribio la mbugani lililofanywa Jülich, Ujerumani, na kundi la Vicky Temperton, viwanja vilivyotanguliwa na mikunde vilikuwa na mizizi michache kuliko vingine. Mizizi ndiyo inayotafutwa Penga Penga, kwa hiyo busara ni kuziacha nyasi zishike kwanza, kisha mikunde iingizwe msimu unaofuata.

Kuna onyo moja kutoka California, ambako watafiti walirudia jaribio lile lile la mpangilio wa kupanda katika miaka na maeneo tofauti, wakapata matokeo yaliyotofautiana kwa kiasi kikubwa kulingana na hali ya hewa ya mwaka wa kupanda. Huko Annexe, eneo lote likipandwa katika msimu mmoja linaachiwa bahati ya mvua za mwaka huo, ilhali likigawanywa vipande vinavyopandwa kwa miaka mitatu au minne mfululizo, na kila kipande kikilindwa dhidi ya moto wa Agosti na Septemba katika kiangazi chake cha kwanza, mwaka mbaya mmoja huharibu kipande kimoja tu.