Injini ya Boti Ikizimika Ziwani: Ifuate Njia ya Petroli

Kigali ni mji wa milima, na huenda msomaji akauliza askari wa hapa ana haja gani ya elimu ya injini ya boti. Jibu liko magharibi, mwendo wa zaidi ya kilomita 150 kwa barabara hadi Rubavu, kwenye Ziwa Kivu. Mpaka wa Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo umepita ndani ya maji hayo, na wanajeshi na polisi hufanya doria huko. Kina cha ziwa hilo hukaribia mita 480. Boti ikizimika katikati, nanga haifiki chini. Upepo ndio unaoshika usukani, na upepo hautambui mpaka.

Historia ya maziwa yetu inalo funzo. Mwaka 1915 Waingereza walisafirisha mashua mbili za injini za petroli, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town hadi Ziwa Tanganyika, wakizipitisha kwenye reli, porini na mtoni. Tarehe 26 Desemba mwaka huo mashua hizo ziliiteka Kingani, meli ya Wajerumani. Zilikuwa ndogo, na ngao yao ilikuwa mbio. Mbio hizo hazipatikani ila petroli ifike kwenye silinda kwa kipimo na kwa wakati.

Injini nyingi zinazopachikwa nyuma ya boti, hasa za miaka iliyopita, hutumia kabureta, yaani chombo kinachochanganya petroli na hewa. Injini ikianza kukohoa, aghalabu lawama huiangukia kabureta. Hufunguliwa, husafishwa, pengine hununuliwa mpya, na kesho yake ugonjwa hurudi ule ule. Sababu ni kwamba kabureta iko mwisho wa njia ndefu. Petroli hutoka tangini, hupita katika bomba la mpira, puto la kubinya kwa mkono, chujio na pampu, ndipo ifike hapo. Mwenye busara huifuata njia hiyo kuanzia mwanzo.

TANGI

Kabla ya yote, hakikisha kamba ya usalama ya kuzimia injini imo mahali pake. Kisha tazama kifuniko cha tangi. Kina tundu dogo la kuingizia hewa. Likisahauliwa limefungwa, petroli hutoka bila hewa kuchukua nafasi yake, na baada ya muda tangi hukataa kutoa tena. Dalili yake ni injini kwenda vizuri kwa dakika kadhaa, kisha kufifia na kuzimika. Ukilegeza kifuniko ukasikia hewa ikivutwa ndani, umekwisha kuupata ugonjwa.

Kisha chota petroli kidogo kutoka chini ya tangi, uitie katika chupa nyeupe na uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yatajitenga chini. Tangi linalolala nusu tupu hukusanya unyevu wakati wa baridi ya usiku. Ni heri lilale limejaa.

PUTO LA MKONO

Puto hili ndilo mpelelezi mkuu. Mshale wake hauna budi kuelekea injini. Libinye mpaka liwe gumu. Likikataa kuwa gumu, ama hewa inaingia kwenye kiungio au ufa wa bomba, ama vali zake zimechoka, ama petroli inafurika katika kabureta. Likibonyea na kubaki bapa wakati injini inakwenda, kizuizi kiko nyuma yake, upande wa tangi.

Injini inapoanza kufifia, mwenzako alibinye puto mfululizo. Injini ikipata nguvu tena, basi kabureta inapokea na kutumia petroli ipasavyo. Kasoro iko kabla yake. Kagua bomba, chujio na utando wa mpira ulio ndani ya pampu, kwani utando uliotoboka hauwezi kusukuma petroli ya kutosha. Injini isipobadilika, sasa ndipo uigeukie kabureta, bila kusahau umeme wa plagi.

KABURETA

Vuta choki kidogo injini inapokwenda. Ikipata nafuu, ilikuwa na njaa ya petroli: yamkini jeti imeziba au hewa ya wizi inaingia. Petroli iliyokaa miezi huacha utomvu unaoziba vijitundu vya jeti. Zisafishe kwa dawa na hewa ya pampu, wala usizichokoe kwa waya, maana tundu likipanuka kipimo kimeharibika. Petroli ikimwagika nje, chunguza boya na sindano yake.

Plagi nayo ni shahidi. Ikiwa nyeusi na yenye masizi, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe na kavu, huenda petroli imepungua. Katika injini inayotumia petroli iliyochanganywa na oili, upungufu huo ni hatari kubwa, kwani petroli ikipungua oili nayo hupungua, na pistoni yaweza kukwama.

Tena kuna jambo la nchi yetu. Uso wa Ziwa Kivu uko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Injini iliyopimwa kwa pwani hula petroli kupita kiasi huku, na nguvu zake hupungua. Huo si ugonjwa wa pampu. Dawa yake ni jeti ndogo zaidi, na pengine rafadha nyingine, kwa mwongozo wa mtengenezaji.

TAHADHARI

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hutuama chini ya boti. Usivute sigara, futa kila tone, na usijaribu cheche za plagi penye petroli iliyomwagika.

Ukaguzi wa tangi, puto na chujio unafanyika gatini kwa dakika chache. Askari husafisha bunduki yake kabla ya lindo, si baada ya adui kutokea. Injini ya boti nayo inastahili heshima iyo hiyo, kwani katikati ya Kivu hapana karakana.