Mgeni na Msimu Mgumu: Kutoka Mongolia Hadi Bumangi

Msikilizaji wetu mmoja wa Bugwema, mkoani Mara, aliwahi kuniuliza swali hili: Mzungu anayehamia Mongolia na mke na watoto wake, huipitishaje miezi yote ya baridi katika nchi ya barafu? Aliuliza huku akicheka. Kwao, saa nane mchana wakati wa kiangazi, hata mbuzi hutafuta kivuli. Lakini swali lake ni zito, na jibu lake linatuhusu.

Tuanze na Mongolia yenyewe. Nchi hiyo iko kati ya Urusi na China, haina bahari, na watu wake wengi wa mashambani ni wafugaji. Baridi huanza mwezi Novemba na huweza kufika nyuzi 30 hadi 40 chini ya sifuri. Wafugaji huishi katika hema la duara liitwalo ger, lenye kiunzi cha mbao, lililofunikwa kwa sufi ya kondoo iliyoshindiliwa ikawa kama blanketi nene. Katikati kuna jiko la bati. Katika mbuga zao miti ni haba, hivyo jiko hilo huwashwa kwa samadi kavu. Sisi samadi ya ng'ombe tunasiriba nayo sakafu na kuta. Wao ndiyo kuni zao.

Mgeni anayeishi miongoni mwao hana budi kujifunza upya kila kitu. Maji yakikosekana, barafu hukatwa mtoni ikayeyushwa jikoni. Chai hutiwa maziwa na chumvi. Nyama huchinjwa baridi inapoanza, ikawekwa nje, nayo huganda hadi miezi ya mwisho ya msimu. Baridi ikizidi kipimo na malisho yakafunikwa, mifugo hufa kwa wingi. Wenyewe janga hilo huliita zud. Lile la mwaka 2009 na 2010 liliua zaidi ya mifugo milioni 7. Katika hali kama hiyo, fedha ya mgeni haitoshi. Lazima awepo jirani wa kumwonyesha samadi ipi imekauka vizuri na barafu ya mto ipi inaweza kukanyagwa.

Sasa turudi Mara, kwa sababu mambo kama hayo yametokea hapa kwetu, ila kwa mkondo wa kinyume. Mwaka 1934 wamisionari wa Kimennonite kutoka Pennsylvania, Marekani, walifungua kituo chao cha kwanza Shirati. Miongoni mwao alikuwamo Elam Stauffer. Miaka michache baadaye Clyde Shenk na mkewe Alta walipiga kambi Bumangi, nchi ya Wazanaki, si mbali na Butiama alikozaliwa Mwalimu Nyerere. Hapo ndipo walipolelea watoto wao. Mmoja wao, David, alizaliwa mwaka 1937.

Kwao Pennsylvania, Desemba ni mwezi wa theluji na wa kukaa karibu na moto. Kwetu, Desemba ni mwezi wa jembe na palizi. Msimu wa shida haukuwa tena wa baridi. Ulikuwa ni masika, njia zinapogeuka tope na mbu wanapozaana, nacho kiangazi, visima vinapopungua maji. Siku zile kinga ya malaria ilikuwa kwinini na chandarua. Kwenda na kurudi Marekani ilikuwa safari ya wiki nyingi za meli. Barua ya kumwuliza mama dawa ya mtoto ingejibiwa mtoto ameshapona, au ameshazikwa.

Hivyo walitegemea majirani. Ilibidi wajifunze lugha, na lugha haifundishwi na kitabu peke yake. Hufundishwa na mama anayeteka maji, na mtoto anayechunga mbuzi. Pamoja na hayo, tusiseme walikuwa sawa na wenyeji. Mwaka 1947 wamisionari hao walianzisha mkoani humu shule ya watoto wao wenyewe, ambayo mwaka 1967 ilihamia Nairobi. Mtoto wa Mzanaki aliyecheza nao hakuwa na nafasi humo. Mwaka huo huo wa 1967, hata hivyo, Zedekia Kisare alipata kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Mennonite nchini. Miaka 33 baada ya Shirati, wenyeji walishika usukani. Na aliyesaidia kuyaandika maisha ya Askofu Kisare katika kitabu ni Joseph Shenk, mtoto mwingine wa nyumba ile ya Bumangi.

Kwa nini nayasema haya kwenu, watu wa mjini? Kwa sababu mgeni wa leo huko Bugwema mara nyingi si Mzungu. Ni mwalimu kijana aliyepangiwa kazi kutoka Dar es Salaam, au muuguzi kutoka Moshi. Anashuka na begi moja, mvua imenyesha, ardhi nyeusi ya bondeni imemnasa miguu. Hana nyumba, haijui lugha ya majirani. Miezi mitatu baadaye anaomba uhamisho, na darasa linabaki bila mwalimu. Sisi husema: vijana wa siku hizi hawana moyo.

Si haki kusema hivyo. Familia ya kigeni huvumilia baridi ya Mongolia kwa sababu kuna hema, kuna jiko, na kuna jirani wa kufundisha. Wale wa Bumangi nao walikuwa na nyumba, na wito uliowaleta. Mwalimu wetu tumempa nini? Nyumba ya mtumishi ni deni la Serikali na halmashauri. Ujirani ni deni la kijiji. Na wewe msomaji unayemwambia mwanao kwamba kupangiwa kijijini ni adhabu, una deni pia.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Walikuwa na maana ya kazi. Lakini jembe hupewa mtu aliyekwisha kuonyeshwa mahali pa kulala. Hadi wiki ijayo, kwaherini.