Somo la Video kwa Mwanafunzi Mtu Mzima

Mtu mzima anayejiunga na kozi ya intaneti mara nyingi hulifikia somo lake akiwa amechoka. Mchana kutwa yu kazini au shambani; usiku hufungua simu, na kila dakika ya video humgharimu fedha. Somo likirefushwa bila sababu, fedha hupotea na elimu haipatikani.

Chanzo cha jambo hili kimo katika akili yenyewe. Habari mpya haziingii moja kwa moja katika kumbukumbu ya kudumu. Hupitia kwanza kumbukumbu ya muda mfupi, ambayo ni finyu mno. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller wa Marekani alikadiria kwamba huweza kubeba mambo yapatayo 7 kwa mara moja. Mwaka 2001 Nelson Cowan alitoa hoja kwamba idadi hiyo ni karibu na 4 tu. Kibaba kikijaa, kinachozidi humwagika.

Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake walichapisha uchunguzi wa mara milioni 6.9 ambazo video za kozi za edX zilitazamwa. Ilidhihirika kwamba kwa kawaida watazamaji hawakudumu zaidi ya dakika 6, hata video ilipokuwa ndefu. Kwa hiyo yafaa somo la saa nzima ligawanywe vipande vifupi, kila kimoja na wazo lake.

Aidha, picha na maneno havina budi kusaidiana. Uchunguzi wa Richard Mayer umeonyesha kwamba mchoro hueleweka vyema unapofafanuliwa kwa sauti, na kwamba muziki na mapambo yasiyohusu somo hupunguza kuelewa.

Hata hivyo, kutazama siko kujifunza. Mwaka 2013 Karl Szpunar na wenzake walithibitisha kwamba wanafunzi walioulizwa maswali mafupi baada ya kila sehemu ya mhadhara wa video walizubaa kidogo zaidi, wakakumbuka zaidi.

Kanuni hiyo si ngeni Tanzania. Katika kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 walisikiliza kwa vikundi, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Matangazo yalikuwa mwanzo tu. Elimu ilikamilika kwa jembe.

Basi mwalimu anayetayarisha video na ajiulize kwanza: dakika ya 6 ikiisha, mwanafunzi atafanya nini?