Maana ya Mvua Asilimia 30 kwa Mwenye Kuanika Karafuu

Wanachama wapenzi,

Msimu uliopita bwana mmoja alinijia na pakacha la karafuu zilizochacha. Akanambia, "Katibu, simu iliandika mvua asilimia 30. Nikaanika, nikenda zangu shamba, mvua ikazikuta jamvini. Kwa nini tusikilize uwongo?" Siku ile sikuwa na jawabu. Nimesoma, na leo nawaeleza nyote.

Hewa huenda kama maji ya mkondo: ndani ya mwendo mkubwa mna miendo midogo. Kaskazi na kusi huvuma maelfu ya kilomita, lakini wingu la mvua laweza kuwa na upana wa kilomita mbili tatu tu. Ndiyo maana yaweza kunyesha Konde na Wete kukawa na jua. Na viwili hivi havikutengana: upepo mkubwa huyalisha mawingu, na mawingu mengi, kwa joto yanalolitoa, huugeuza upepo.

Mashine za kutabiri huigawa hewa ya dunia katika visanduku. Katika kituo cha utabiri cha nchi za Ulaya, chenye makao yake Reading, Uingereza, upande wa kisanduku ni kama kilomita 9. Upana wa Pemba basi hujaa visanduku viwili au vitatu. Wingu moja moja mashine hailioni. Huyakisia yote kwa jumla, kama mnunuzi apimaye gunia kwa konzi moja.

Na kosa dogo hukua. Mwaka 1961 Edward Lorenz wa Marekani alirudia hesabu ya hali ya hewa, na mahali pa 0.506127 akaandika 0.506. Mwanzo majibu mawili yalifuatana, kisha yakaachana kabisa. Mwaka 1976 Mjerumani Klaus Hasselmann alionesha kwamba misukosuko ya nasibu ya hewa, ya siku chache tu, hujikusanya baharini ikaleta mabadiliko ya miaka. Alipata tuzo ya Nobel mwaka 2021. Nasibu, kumbe, si taka ya kufagiwa nje ya hesabu. Ina kazi yake humo.

Kwa hiyo tangu mwaka 1992 kituo kile hufanya hesabu nyingi badala ya moja, kila moja ikianza kwa tofauti ndogo. Mwaka 1998 wakaitia nasibu ndani ya hesabu yenyewe: yale makisio ya mawingu hupandishwa au hushushwa kidogo kama kwa kura. Leo hesabu ni 51. Zikitoa mvua 15 kati yake, hiyo ndiyo asilimia 30 hivi. Si ramli. Maana yake, katika siku kumi za namna hiyo, tatu zitanyesha. Kama isingenyesha hata moja, hapo ndipo tungesema uwongo.

Basi kila mtu apime hasara yake. Mwenye majamvi uani na watu wa kuanua, asilimia 30 isimzuie. Mwenye sakafu ya mbali, asiye na mtu, kwake ni nyingi. Karafuu za siku ya nne, zilizokaribia kukauka, zataka hadhari kubwa zaidi. Lakini karafuu mbichi zikirundikwa bila kuanikwa nazo huchacha. Kuogopa mvua kila siku pia ni hasara.

Yule bwana tumekubaliana aweke daftari: kila asubuhi aandike asilimia iliyotajwa, na jioni aandike kama imenyesha. Nawaomba nanyi mfanye hivyo msimu huu, kila mtu kwenye kituo chake cha kuanikia. Mwisho wa msimu tutazihesabu pamoja mkutanoni, tujue utabiri huu unatufaa kwa kadiri gani hapa kisiwani kwetu.

Mtumishi wenu,
Katibu